Kiganja Kinachojifumba

Pilipili hakuitwa Pilipili kwa sababu ya mapishi. Jina hilo alipewa na wafanya usafi wa maabara, siku alipomfukuza fundi wa kiyoyozi aliyeingia chumba cha seli na viatu vya tope huku akitafuna biskuti. Alimwonyesha mlango kwa kidole, akamwambia kwamba viatu vyake vimebeba kuvu, na kuvu ikiingia kwenye visahani kazi yote inakwenda na maji, na kama ana njaa kantini iko chini. Yule fundi alitoka kinyumenyume, biskuti mdomoni. Wafanya usafi walicheka mpaka wakaegemea fagio zao, na kuanzia hapo hata Daktari aliyeongoza maabara akawa anamwita hivyo hivyo. Mwenyewe hakujali. Ni kati ya mambo machache sana ambayo hayakuwahi kumuudhi.

Maana tuseme ukweli, mwanamke huyu ana hasira. Foleni humkasirisha, mlango usiofungwa vizuri humkasirisha, na mtu anayejibu "tutaona" anaweza kumharibia siku nzima. Alizaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wawili. Baba alifariki wakiwa wadogo, mama akawa anaondoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu, na nyumba ikabaki mikononi mwa msichana ambaye mwenyewe alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Ilimbidi amvalishe mdogo wake wa kiume, amlishe, amkaripie, amzuie kucheza kwenye vumbi kwa sababu ya kifua chake kibovu. Jioni mama akirudi, hata kabla ya kuvua kandambili, alimpakata yule kitinda mimba wake na kumpa kila alichonyimwa mchana. Dada alikuwa na kazi ya kukataa, mama alikuwa na kazi ya kukubali. Hivyo ndivyo walivyogawana mtoto, wala hawakuwahi kukaa chini kulizungumza.

Mtoto huyo alikua akawa fundi cherehani, tena fundi hasa, si wale wa kukupa suruali yenye mguu mmoja mrefu. Alikuwa na chumba kidogo kando ya barabara, meza ya kukatia iliyochakaa upande mmoja, na mkasi mweusi mzito ambao hakumruhusu hata mkewe kuushika. Alikuwa anakata kitambaa bila kuchora. Pilipili, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, alivaa magauni ya mdogo wake chini ya koti jeupe la maabara, kisha akifika kwenye korido analifungua koti makusudi ili watu waulize nani amemshonea.

Kisha mkono wake wa kulia ukaungua, kwa ujinga wa kifundi. Alikuwa anapiga pasi gauni la bibi harusi, la nailoni, na pasi ikateleza ukingoni mwa meza. Mtu wa kawaida angeruka pembeni. Lakini fundi akiona pasi inaangukia nguo ya mteja hafikirii mwili wake, anafikiria nguo, kwa hiyo alinyoosha mkono wa kulia akaidaka pasi kwa upande wa moto, na kipande cha mabaki ya nailoni kilichokuwa katikati kikayeyukia kiganjani. Gauni likapona. Bibi harusi alilivaa akapendeza, watu wakapiga picha. Pilipili alipoziona hizo picha alitaka kulichana lile gauni kwa meno.

Bahati ni kwamba hospitali aliyolazwa ilikuwa ileile yenye maabara ya dada yake. Jeraha lilisafishwa, likafungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, mpaka nyama mpya ikaanza kujaa. Hapo ndipo mtaalamu wa viungo, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alipotengeneza kibao. Alilainisha plastiki nene kwenye maji ya moto, akaifinyanga juu ya mkono ikiwa bado inatii, kiganja kikiwa wazi na vidole vimenyooka, kisha akaibandika mikanda mitatu ya kuikaza. Akawaita watu wa nyumbani, yaani mama, mke wa fundi na Pilipili, akawapanga mbele yake kama wanafunzi.

"Avae mchana na usiku," alisema. "Anavua wakati wa kuosha na wakati wa mazoezi tu. Ataumia, atawalilia, atawaambia vidole vinawaka moto. Mkono huu utatamani kujikunja kwa sababu ukijikunja haumuumi. Ninyi mkiona amestarehe, jueni mkono unapotea."

"Na ukipotea?" aliuliza mke wa fundi.

"Utajifumba ukauke hivyo. Hatashika mkasi."

Wote watatu waliitikia kwa vichwa. Pilipili aliitikia kwa nguvu kuliko wenzake, kwa sababu yeye alikuwa analijua jambo hilo kwa macho yake. Ndiyo kazi yake.

Damu ikiganda kwenye jeraha, kinachoishika isitiririke ni nyuzi za protini, nyembamba ajabu, zilizosukana kama wavu. Maabara kwao walikuwa wanautengeneza wavu huo kwenye visahani ili kuuchunguza. Pilipili alikuwa anachanganya maji mawili, yote yanaonekana kama ya bomba, na kabla hujamaliza kupangusa meza yameshikana na kuwa jeli yenye ukungu. Ndani ya jeli hiyo alikuwa ameshapanda seli za ngozi, zile za tabaka la chini ambazo kazi yake ni kushona mwili uliochanika. Kesho yake ukiziangalia kwa hadubini unakuta zimetoa vikono virefu, zimeshika zile nyuzi, zinavuta. Hazikufundishwa. Hazina jeraha, hazina mwenyewe, zimo kwenye kisahani cha plastiki ndani ya kabati la joto, na bado zinavuta.

Huko kuvuta ndiko kunakofunga majeraha, na bila huko kila aliyewahi kujikata angekuwa na shimo hadi leo. Lakini seli haijui kwamba hapa ni goti na hapa ni kiganja cha fundi cherehani. Haina habari na mkasi wala na watoto wanaotakiwa kula. Inakuta wavu, inavuta kingo zikutane, basi. Jeli ikiwa imeng'ang'ania ukuta wa kisahani, seli zitahangaika weee na upana wa jeli utabaki palepale. Ukiiachanisha na ukuta, hata kwa muda mfupi, inasinyaa mbele ya macho yako. Pilipili alikuwa ameona jeli nyingi za namna hiyo hata zikaacha kumshangaza. Baada ya mdogo wake kuungua, kila akifungua lile kabati la joto alikuwa anazitukana kimoyomoyo.

Fundi aliruhusiwa kurudi nyumbani kwake, na utaratibu ukapangwa. Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, anaondoka asubuhi na kurudi alasiri. Mama mtu akahamia pale ili mgonjwa asikae peke yake. Pilipili alipiga simu kila siku kama mwenye nyumba anayedai kodi: amevaa? amefanya mazoezi? mkanda wa katikati umekazwa? Akajibiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akalala usingizi.

Siku ya kliniki mtaalamu wa viungo alifungua bandeji, akakilaza kiganja juu ya taulo, akajaribu kukibonyeza kigusane na meza. Hakikugusa. Vidole vitatu vya mwisho vilikuwa vimeinama kama vya mtu aliyeshika bomba, na katikati ya kiganja kovu lilikuwa limesimama, jekundu, limekaza kama uzi wa nguo uliovutwa upande mmoja. Akabonyeza tena. Fundi akapiga ukelele ambao hata waliokaa kwenye benchi nje waliusikia, maana mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Kibao anavaa?" mtaalamu aliuliza.

"Navaa," fundi alisema, akiangalia dari.

"Wakati wote?"

Mtaalamu alivua miwani. "Sitafuti mchawi hapa, natafuta namna ya kuuokoa mkono. Kovu hili limepata nafasi, tena si mara moja. Kuna mtu anamvua kibao. Nani?"

Mama alirekebisha mtandio wake. Fundi aliendelea kukagua dari. Mkewe alimtazama mume, akamtazama mama mkwe, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Mimi," alisema.

Pilipili alipandwa na hasira ambazo hata yeye hakujua anazo. Alisimama, kiti kikaanguka. "Wewe, wifi? Una akili timamu wewe? Umesimama hapa hapa ukaambiwa, ukaitikia kwa kichwa kama mtu mzima! Kila siku napiga simu unaniambia ndiyo, kumbe unanichezea shere! Unataka mumeo ashike nini na mkono huu? Kijiko? Basi mtafutie bakuli kabisa umkalishe sokoni!"

"Dada, punguza sauti," fundi alinong'ona.

"Sipunguzi! Nyamaza wewe, unamtetea wa nini?"

Wifi alichukua mkoba wake, akatoka, akapita katikati ya watu wa benchi ambao walikuwa wamenyamaza kama wako msibani, na wote wakamgeuzia shingo. Mama alibaki pale, akipapasa goti la mwanawe. Pilipili alipomwona mama yake amenyong'onyea, alizidi kuwaka. Alijiambia, angalia jinsi mtoto wa watu anavyomtesa mama yangu.

Kuanzia hapo akamnunia wifi yake waziwazi. Akipiga simu hakusalimu, alianza moja kwa moja: "Umemfunga?" Wifi naye alijibu, "Nimemfunga," kisha simu ikakatwa. Aliwasimulia watu kazini. Aliwasimulia wafanya usafi, akamsimulia Daktari, akasema kuna watu Mungu aliwapa moyo laini akasahau kuwapa ubongo. Daktari, mtu mtulivu aliyezoea kelele zake, alimuuliza jambo moja tu. "Una hakika ni yeye?"

"Amekiri kwa mdomo wake."

"Haya."

Kliniki iliyofuata mkono ulikuwa mbaya zaidi. Mtaalamu hakuuliza nani, aliandika tu, akasema kwa sauti yake ya upole kwamba akiendelea hivi watazungumzia kisu. Fundi alitokwa na machozi. Ndipo Pilipili alipokata kauli. Kama maneno hayamwingii huyu mwanamke, ataona. Akamwendea Daktari, akamwomba ruhusa ya kuwaingiza maabara watu wa nyumbani kwake.

Daktari alifikiri kidogo. "Walete. Wasivuke mstari mwekundu, wasiguse kitu. Na wewe usipige mtu."

Wakaja wote watatu, mchana huohuo wa kliniki, wakajipanga nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni: mama, fundi na mkono wake kifuani, wifi aliyenuna na haki yake ya kununa. Pilipili alivaa glavu. Alitoa visahani viwili kwenye kabati la joto, akaviweka chini ya taa, juu ya karatasi nyeusi ili vionekane vizuri. Jeli zote mbili zilikuwa zimejaa kutoka ukingo hadi ukingo, nyeupe kidogo kama maji ya mchele.

"Hizi nilizipanda siku moja," alisema, na ingawa aliwaambia wote, macho yalikuwa kwa wifi. "Ndani yake mna seli za ngozi kama zilizomo mkononi mwa mumeo. Zimekuwa zinavuta tangu nizipande. Mnaona zimefika wapi?"

"Hazijafika popote," fundi alisema.

"Kwa sababu zimeshikiliwa. Hicho kisahani ndicho kibao chako. Sasa tazameni."

Alichukua sindano ndefu, akaipitisha taratibu kuzunguka ukingo wa kisahani kimoja, akiibandua jeli kutoka ukutani, kisha akakitikisa kidogo. Cha pili hakukigusa. Akarudi nyuma, akafunga mikono.

Mwanzoni ilionekana kama hakuna kitu. Kisha pembeni mwa kile kisahani pakatokea ufa mweusi, mwembamba. Ufa ukapanuka. Jeli ilikuwa inajikusanya pande zote kwa pamoja, bila haraka na bila kusita, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto, na walipokuwa bado wanasogeza vichwa waone vizuri ilishakuwa nusu ya ilivyokuwa. Jirani yake, iliyoshikiliwa, ilikuwa imekaa palepale. Wifi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Irudishe," mama alisema.

"Hairudi, Mama."

"Ibandike tena pembeni."

"Nikiivuta itachanika. Ndivyo ilivyo."

Mama alikaza macho kwenye kisahani. Mwanamke huyu alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote, na vitambaa vilivyosinyaa alikuwa anavijua kuliko mtu yeyote mle ndani. "Hizo," alisema polepole, "ndizo zilizomo mkononi mwa mwanangu?"

"Ndizo."

"Zinavuta hata akilala?"

"Hazilali, Mama. Mpaka kovu likomae. Ni miezi."

"Na mtu akizifungulia kwa muda mfupi tu? Sisemi siku nzima. Tuseme anapokula, halafu na ule usingizi wake wa mchana... ukimpakatia mkono ukiwa umekunjwa hivi, hapo tu ndipo anapolala bila kulia. Halafu ukamfunga tena kabla mkewe hajarudi. Hapo nazo zinahesabu?"

Mashine ya kabati la joto ilikuwa inanguruma. Pilipili alimtazama mama yake, akamtazama wifi.

Unadhani aliomba radhi? Bado. Hasira hazina breki za namna hiyo, na kwanza zilimgeukia aliyekuwa karibu. "Wewe!" alimfokea mdogo wake. "Ulikuwa unajua! Mkeo amesimama mbele ya watu akabeba mzigo usio wake, nikammwagia matusi, na wewe ukaangalia dari! Mwanaume mzima!"

"Niliogopa," fundi alisema. "Mimi ndiye nilimwomba Mama. Ungemla Mama mzima."

"Ningemla! Na sasa nimle nani?" Akamgeukia mama, na kwa mara ya kwanza maishani akampandishia sauti. "Mama, umefanya nini? Umemuua mtoto! Tangu yuko mdogo ni hivyo hivyo, nikikataa unakubali, nikifunga unafungua! Siku zote mimi mbaya, wewe mwema! Haya, tazama wema wako, uko hapo kwenye kisahani!"

Daktari alitoka kwenye chumba chake, akasimama mlangoni, akaona hapamhusu, akarudi. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Wewe umewahi kukaa naye mchana kutwa akikulilia?" Pilipili hakuwahi. Yeye alikuwa mtu wa simu.

Akamgeukia wifi yake. "Wifi..."

"Hapana," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini ilikuwa na makali kuliko kelele zote zilizotangulia. "Usinianzie samahani humu ndani tukiwa sisi kwa sisi. Nilirudi mapema siku moja nikamkuta Mama amempakata, amelala kama mtoto mchanga. Ningesemaje? Nimshtaki mama mkwe wangu kwa daktari? Nikasema ni mimi, nikijua nikibeba mimi Mama ataona aibu ataacha. Hakuacha. Na wewe ukaniita punguani mbele ya benchi zima la wagonjwa. Watoto ninaowafundisha, mzazi wa mmoja alikuwa amekaa pale. Uliniaibisha mbele ya watu, basi na samahani yako itoke mbele ya watu."

Alikuwa na haki, na Pilipili aliijua haki hata alipokuwa amefura. Kliniki iliyofuata alisimama mbele ya benchi lilelile, akiwa amevaa koti lake jeupe, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba siku ile alimsingizia wifi yake na kwamba yeye ndiye aliyekosa akili. Alilisema hilo akiwa amekunja uso kama mtu anayetukana. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa alimwambia, "Tumekusikia, mama, sasa tupishe tumwone muuguzi." Wifi alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa bado hajamaliza kukasirika.

Mtaalamu wa viungo alifinyanga kibao kipya. Hakingeweza tena kuwa bapa, mkono usingekubali. Alikifinyanga kufuata pale mkono ulipoishia kunyooka, akasema kila wiki atakilainisha na kukinyoosha kidogo zaidi, na kila siku mikanda ikazwe mpaka vidole vifike mwisho wa maumivu. Kovu bado changa. Likitii, atapata mkono wa kushikia mkasi. Lisipotii, watalikata na kuziba kwa ngozi ya pajani, na mkono wa namna hiyo utafanya kazi gani, hilo hawezi kumwahidi mtu. Swali likabaki la kukaza mikanda mchana. Fundi mwenyewe asingeweza kwa mkono mmoja, tena angejionea huruma.

"Mimi," mama alisema.

"Si wewe," Pilipili alijibu papo hapo.

"Basi nani?" wifi aliuliza. "Mimi niko darasani. Wewe uko kwenye simu."

Hilo lilimchoma Pilipili, maana lilikuwa kweli. Lakini hakumwamini mama yake hata chembe. Jumamosi alitoka kazini mapema, hakumwambia mtu, akapita njia ya nyuma ya nyumba ya mdogo wake ili amfumanie. Wifi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akichambua mchele. Alimwona, akamwelekeza ndani kwa kidevu.

Walikuwa sebuleni. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mkono juu ya meza, jasho linamtiririka. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mikanda miwili ilishafungwa. Alikuwa ameushika wa tatu, ule wa juu ya vidole, na alikuwa anauvuta kwa nguvu za mikono iliyokamua mashuka ya watu miaka nenda miaka rudi. Kidole cha pete kilikuwa kinatetemeka, kinakataa, kinashuka kidogo, kinakataa tena.

"Mama, basi! Basi, inatosha!" fundi alikuwa analia kwa kwikwi. "Unaniua! Una roho mbaya wewe! Wewe si mama yangu!"

Mama aliendelea kuvuta.

Fundi aligeuza kichwa akamwona dada yake mlangoni. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya utotoni, ya usiku wa kifua kubana, ambayo Pilipili alidhani imekwisha zamani. "Dada. Dada, nisaidie. Mwambie alegeze kidogo. Kidogo tu, dada."

Huyu ndiye aliyetukana watu wazima mbele ya benchi la wagonjwa. Huyu ndiye aliyesema kuna watu Mungu aliwapa moyo laini akasahau ubongo. Hakujua amevuka vipi sebule. Alijikuta ameinama mezani, kidole chake kimeshaingia chini ya mkanda, anaubandua.

Kofi likatua juu ya mkono wake, zito, la mtu asiyetania.

"Toa mkono wako," mama alisema.

Pilipili aliutoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mama mpaka kidevuni, wala hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hakumtazama binti yake. "Nenda nje," alisema. "Kama huwezi, nenda nje."

Alitoka. Wifi alisogeza sinia la mchele pembeni, akampa nafasi kwenye ngazi, na Pilipili akakaa, mikono katikati ya magoti, na hasira ambazo safari hii hakuwa na wa kumtupia. Ndani, fundi alimwita mama yake jina baya ambalo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Nitukane, mwanangu," walimsikia mama akijibu. "Nitukane tu. Lakini nyoosha."